Wimbo wa Kafara

Jumapili, 21 Machi 1982

Kuanzia leo naandika mpaka santuri yetu itoke. Sababu ni moja tu, Anselmo. Huyu bwana mambo yakishapita huyasimulia upya, na katika kila hadithi yake ni yeye anayebaki amesimama katikati. Safari hii nitakuwa na maandishi.

Basi. Bendi yetu ni Los del Fondo, yaani Wale wa Nyuma, ya hapa hapa La Plata, watu watatu. Mimi Ofelia naimba na kupiga kinanda. Anselmo anapiga gitaa, anatunga maneno, na anajipenda. Mdogo wangu Ulises anapiga ngoma, na ndiye pekee kati yetu anayefika kwa wakati. Alimaliza jeshi la lazima Novemba, nywele ndiyo kwanza zinamrudia, na Mama anamwita kiazi.

Nyimbo kumi tulizirekodi Februari kule mji mkuu, kwenye joto la kuokea mkate. Santuri itaitwa Mvua Uani. Sasa maneno yako kwenye ile ofisi ya serikali inayopekua nyimbo na kugonga mihuri, na bila muhuri hakuna kiwanda kitakachoigusa kanda yetu. Tunangoja.

Jumanne, 23 Machi

Mvua. Dengu. Muhuri bado.

Jumamosi, 27 Machi

Leo mimi na Ulises tumeisikiliza kanda yote jikoni, birika likichemka. "Treni ya Saa Kumi na Mbili" inaanza na sauti ya magurudumu, kumbe ni Ulises anachezesha brashi za waya kwenye ngoma ndogo. "Mafuta ya Taa" ni ndefu kupita kiasi. Anselmo alikataa kuikata, na kwa hili alikuwa sahihi. Nimeandika mara moja na sirudii.

Halafu "Ingia Ndani". Ulises alipokuwa mdogo, mvua ikianza naye yuko barabarani na mpira, Mama alisimama mlangoni akamwita mpaka mtaa mzima ukamjua jina. Anselmo alizisikia hadithi hizo hapa hapa mezani, akaenda kwao, akarudi na haya:

Ingia ndani, mvua haina rafiki,
supu inapoa na kiti chako ki tupu.

Hakuna zaidi ya hapo. Kinanda, sauti yangu, na Ulises akigusa ngoma kwa vidole. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini huu wimbo ukianza huwa nageukia dirishani. Ukiniuliza, santuri yote imejengwa ili mtu afike hapo.

Na wa mwisho, "Hatuogopi". Huo ni kafara. Bendi zinazojua mambo hufanya hivyo: unapeleka nyimbo zako za kweli, halafu unachomeka mmoja wa ovyo, wenye kelele na jeuri, ili mabwana wa muhuri wapate cha kuchinja. Wakishachinja wanaridhika, na nyingine zinapita. Anselmo aliutunga huku akila tambi. Vijana wanauteketeza mji, hawaogopi moto, hawaogopi kufa, hawamwogopi hata Mungu. Tuliurekodi mara moja tu, Ulises akipiga ngoma kama mtu anayevunja kabati, tukicheka mpaka fundi mitambo akatutishia kuzima umeme. Haukutungwa usikike na mtu yeyote.

Ijumaa, 2 Aprili

Jeshi letu limeteremka visiwa vya Malvinas, limevitwaa kutoka kwa Waingereza. Redio haina habari nyingine. Honi, bendera madirishani, jirani asiyetusalimia tangu Krismasi kamkumbatia Mama. Watu wale wale waliokuwa wakiwazomea juzi majenerali wanaotutawala wamejaa uwanjani kuwashangilia. Na mimi nilikwenda. Nilipiga makofi. Visiwa ni vyetu, tangu shule ya msingi tunavichora kwenye ramani, moyo ulinienda mbio wenyewe.

Ulises hakwenda. Alibaki anabadilisha ngozi ya ngoma, na nilipomtania kwamba amekuwa mzee, alisema baridi ya kule anaisikia kutoka hapa.

Ijumaa, 9 Aprili

Ijumaa Kuu. Mama alikuwa anakunja unga wa mkate wa samaki wakati polisi wa mtaa alipoleta karatasi. Waliozaliwa mwaka 1962 waliokwishaachiwa, warudi kikosini. Leo leo.

Ulises alikula wima. Mama alimfungia mkate uliobaki kwenye taulo, akamrekebisha kola kama vile anakwenda shule. Mlangoni Ulises akaniambia nimtunzie ngoma zisipate unyevu na Anselmo asiziguse. Nikamwambia Anselmo akizigusa nitamkata vidole. Akacheka. Nilimtazama mpaka akakata kona ya barabara ya sitini na mbili, na sikufikiria lolote la maana, nilifikiria tu kwamba koti lake ni jepesi.

Jumatatu, 12 Aprili

Redio zimekatazwa nyimbo za Kiingereza. Hivi hivi, asubuhi moja. Miaka yote wanatuambia muziki wetu hauna msikilizaji, leo wanapekua makabati wakitafuta chochote kilichoimbwa kwa lugha yetu. Bwana Pellicer, mwenye kampuni ya santuri, kampigia Anselmo simu mwenyewe. Zamani ilikuwa sisi tunampigia, naye yuko kwenye chakula cha mchana mpaka jioni.

Alhamisi, 15 Aprili

Muhuri umerudi.

Tumepanda treni kwenda kwa Pellicer, mimi na Anselmo. Karatasi zilikuwa mezani kwake. Nyimbo tisa zimepita. Mmoja umekataliwa, mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na sababu yake imeandikwa chini: unavunja moyo wa vijana. Nilidhani macho yananidanganya. Umechinjwa "Ingia Ndani".

Kafara limepita. Na halikupita tu, mtu kaandika pembeni kwa mkono kwamba huu ndio wimbo wa wakati wetu, utangulizwe redioni.

Anselmo aliangua kicheko. Alicheka akashika meza. Nami nilianza kucheka, halafu nikakumbuka ngoma zile ni za nani na mwenyewe yuko wapi, kicheko kikanifia mdomoni. Nikasema "Hatuogopi" uondolewe kwenye santuri. Pellicer akasema haiwezekani. Anselmo, badala ya kuniunga mkono, akaanza kueleza: watu watanunua kwa ajili ya kelele, wakifika nyumbani watazikuta nyimbo nyingine. Kumbe maelezo alishayatayarisha. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha.

Jumapili, 18 Aprili

Ulises yuko visiwani. Kikosi kizima kimepelekwa. Tumeambiwa langoni kwa kikosi, pamoja na akina mama wengine.

Jumatano, 21 Aprili

Ukungu. Mama anafuma soksi. Anafuma, anafumua, anasema hazitoshi unene.

Jumatatu, 26 Aprili

Nimekwenda kwa Pellicer peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimevaa hata viatu vya ugomvi. Nikamwambia sauti ni yangu na ngoma ni za ndugu yangu, na mtoto wa watu yupo kule kwenye matope, sitaki wimbo wa kipuuzi useme kwa niaba yake kwamba haogopi kufa.

Hakupandisha sauti. Akafunga mlango.

"Binti, nami nina mpwa kule," alisema. "Unafikiri nalala? Lakini redio wameshauomba. Nikiuondoa wataniuliza kwa nini, nami nitasema nini? Kwamba mwimbaji hataki? Wewe jina la ndugu yako wanalo. Usiwape sababu ya kulisoma mara ya pili."

Nilimjua Pellicer kama kupe. Leo nimemwona kama mzee mwenye hofu, na hofu yake ikaniingia. Nikarudi nyumbani bila kugombana na mtu.

Jumapili, 2 Mei

Jana mabomu yalianguka visiwani. Mama hazimi redio hata akiwa bafuni.

Jumanne, 4 Mei

Nilikuwa natoka dukani kwa muuza mboga nikajisikia. Sauti yangu, kwenye redio ya duka, hatuogopi, hatuogopi, na nyuma yake Ulises anavunja kabati. Muuza mboga akaongeza sauti. Akanipa machungwa ya bure, "kwa ajili ya wavulana wetu." Nikayachukua. Ningesema nini?

Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu nikiwaza kama kule nako redio zinashika.

Ijumaa, 7 Mei

Mara nyingi kwa siku sasa. Watoto wanauimba wakienda shule.

Jumamosi, 15 Mei

Santuri imetoka. Upande wa kwanza unaanza na "Hatuogopi". Mahali pa "Ingia Ndani" hamna kitu, sindano inatoka "Mafuta ya Taa" inaingia kwenye karatasi ya katikati. Jalada ni zuri, ua la nyumba yetu, kamba ya kuanikia na maji ya mvua. Nimeiweka chini ya kitanda.

Anselmo sasa ana koti jipya. Wasichana wanamsimamisha barabarani. Nilimkuta mbele ya chuo akimweleza mwandishi wa gazeti jinsi alivyoutunga "Hatuogopi" kwa uchungu wa taifa. Tambi hakuzitaja.

"Uchungu wa taifa," nikamwambia Anselmo, mwandishi alipoondoka. "Ulikuwa na mchuzi kidevuni."

"Ofe, niache. Kwa mara ya kwanza watu wananisikiliza."

"Hawakusikilizi wewe. Wanajisikiliza wenyewe."

Aliumia, nilimwona. Sikujali.

Jumamosi, 22 Mei

Mkutano mkubwa uwanjani, wa kuwachangia askari. Kiingilio ni soksi, sigara, chokoleti, makopo ya nyama, milima ya vitu. Bendi nyingi zimeimba, nyingine nzuri sana, nyingine zimeimba amani waziwazi na watu wakalia. Sisi tuliombwa mmoja tu, na sina haja ya kuutaja. Mpiga ngoma wa kuazima alikaa kwenye kiti cha Ulises.

Asubuhi nilimwambia Mama kwamba siimbi. Alikuwa anaosha sahani. Akasema, bila kugeuka, "Mwanangu yuko mikononi mwao. Utaimba." Mama hajawahi kuniamrisha jambo tangu niwe mtu mzima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nani nibishane naye?

Kwa hiyo niliimba. Na hapa naandika ukweli, la sivyo daftari lina maana gani: uwanja mzima ulipopokea kiitikio, sauti za watu wote wale zikanipanda kutoka miguuni, nilisikia raha. Raha kabisa. Nilinyoosha mkono juu kama wao. Ilidumu kiasi cha ubeti mmoja, halafu nikamwona mbele kabisa mvulana mwembamba, anaimba macho yamefumba, hajafika hata umri wa kunyoa. Nikamaliza kwa kupayuka. Nilipoteremka jukwaani nilitapika nyuma ya gari la mitambo, na Anselmo ndiye aliyenishikia nywele.

Jumatano, 26 Mei

Mvua.

Alhamisi, 27 Mei

Mvua. Hakuna habari.

Jumamosi, 5 Juni

Anselmo amekuja asubuhi na mapema bila lile koti. Kumbe wiki nzima amekuwa akimpangia Mama foleni ya mafuta ya taa, Mama hakuniambia. Leo alikwenda naye langoni kwa kikosi pia, wanakosubiri majina ya waliokufa. Walirudi hawana jina, maana yake ni kheri.

Nilimpa yerba, chai yetu chungu ya kibuyuni. Akaniambia mwana wa mwenye duka la baiskeli amekufa, yule wa nyumba ya pembeni kwao, na kwamba mama yake alitoka nje akaanza kumwita aingie ndani, kwa jina, mlango baada ya mlango, mpaka wakamshika.

"Nilijaribu kutunga kitu," alisema. "Siwezi. Nikishika kalamu nasikia ule upuuzi wangu."

Nilitaka kumwambia maji yakimwagika hayazoleki. Nikamjazia kibuyu badala yake. Nimemwandika vibaya sana humu, nami siyafuti yale, yalikuwa kweli siku zile.

Jumatatu, 14 Juni

Imekwisha. Tumeshindwa. Redio ilikuwa inatuambia tunashinda mpaka jana jioni.

Jumanne, 15 Juni

Hakuna anayepiga honi. Bendera zimetolewa madirishani kimya kimya, kila mtu akidhani jirani hamwoni. "Hatuogopi" nao haujasikika tangu asubuhi. Umeondolewa kama ulivyoletwa, bila mtu kuuliza.

Ulises hatujui.

Jumatatu, 21 Juni

Hatujui.

Jumatano, 23 Juni

Yuko nyumbani. Yuko nyumbani, yuko nyumbani.

Waliletwa kwa mabasi, mapazia yamefungwa. Tulikimbia pembeni mwa mabasi, akina mama wakigonga vioo wakitaja majina. Mimi sikumtambua. Mama ndiye aliyemtambua. Alishuka ameshikwa na wawili, uso umekuwa wa mzee, na miguu imefungwa bandeji mpaka vifundoni. Maji ya mahandaki. Vidole vya mguu wa kulia viwili hana.

Mama alimpikia supu. Alikula sahani tatu, akalala mezani palepale, nasi tukakaa tunamtazama kama wajinga.

Jumapili, 27 Juni

Haongei. Jeshini walimlazimisha kutia sahihi karatasi kwamba asisimulie ya kule. Mchana tulikaa jikoni, nikampa kibuyu, akanirudishia, nikampa tena. Kwetu mtu akitosheka husema asante. Hakusema mpaka birika lilipokauka, nikachemsha jingine. Nikaelewa kwamba hataki kuinuka, basi nikaendelea kumwaga maji.

Katika birika la pili ndipo aliposema. Luteni wao alikuwa na redio ndogo. "Hatuogopi" ulimpendeza, kwa hiyo kila asubuhi aliwapanga mahandakini wauimbe, wana njaa, wamelowa, magoti hayakunjiki. Asiyeimba kwa sauti alinyimwa chai ya asubuhi.

"Uliwaambia ngoma ni zako?" nikamuuliza.

"Nilimwambia mmoja, Galarza. Akasema basi nikirudi nitaulipia." Akatabasamu kidogo. "Alikuwa mcheshi."

Sikuuliza Galarza yuko wapi. Nikamwambia yote yaliyo upande wangu, kwa Pellicer, uwanjani, mkono juu, hata ile raha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sijakasirika, dada," alisema. "Nimechoka na wimbo ule tu. Nataka usiwe wangu tena."

Nililia mbele yake, na nilikuwa nimejiapiza nisilie.

Ijumaa, 2 Julai

Klabu ya mtaa imetuomba tupige, Jumamosi ya wiki ijayo alasiri, kwa ajili ya kuikaribisha santuri nyumbani. Nilikuwa nakataa simuni, Ulises akatikisa kichwa kutoka kwenye kochi. Anataka kupiga. Nikamwambia mguu je? Akasema mikono anayo. Nikamwambia wataudai ule wimbo, wajue wasijue. Akasema anajua.

Tangu hapo sina raha. Naogopa watampokonya hata hiki kidogo kilichorudi. Anselmo anasema tumwachie mwenyewe, na ajabu ni kwamba nakubaliana na Anselmo.

Jumamosi, 10 Julai

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Akina mama na viti vyao, wazee wa karata, vijana wengi wamesimama nyuma wakiegemea ukuta, nywele fupi. Tulianza na treni. Brashi za Ulises zilikuwa nyepesi, mguu wa kulia ameuweka juu ya mto wa Mama, ngoma kubwa haikuguswa. Tukapiga "Mafuta ya Taa" nzima, hakuna aliyekohoa.

Halafu ikaanza, mtu mmoja kushoto, kisha meza mbili, kisha karibu nusu ya ukumbi, wanapiga miguu sakafuni, hatuogopi, hatuogopi. Hawakuwa na ubaya. Ndio wimbo waliokuwa wanaujua. Nilimgeukia Anselmo, naye rangi imemtoka. Nikasogea kwenye kipaza sauti niwaambie hapana, nikasikia nyuma yangu, "Dada, nipe hicho."

Nikampelekea. Aliweka brashi juu ya mapaja. Alingoja. Alingoja mpaka miguu ikanyamaza yenyewe.

"Kwenye santuri ngoma zile napiga mimi," alisema. "Na mimi niliogopa. Kila siku. Niliogopa sana."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mama alikuwa mstari wa kwanza, mkoba magotini, anamtazama mwanawe bila kupepesa. Nilikuwa nataka kwenda kumfunika kwa kitu.

Ndipo mmoja wa wale wa ukutani akasema, si kwa sauti kubwa, "Na mimi."

Mwingine, karibu na mlango, "Na mimi."

Na upande wa pili. Na mwingine, ambaye mama yake alikuwa kakaa mbele yake akageuka kumwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza tangu arudi. Wale nao walikuwa wamelazimishwa kutia sahihi kwamba wasiseme, na walikuwa wanasema, mmoja mmoja, maneno mawili tu. Ulises aliwasikiliza wote mpaka wakaisha.

Kisha akaweka vidole juu ya ngoma. Anselmo akanipa sauti ya kuanzia, na nikaimba "Ingia Ndani" kwa mara ya kwanza mbele ya watu.